Bluu, Bluu, Nyeupe

Simu ililia saa mbili kasoro usiku.
"Kuna nyoka barazani. Njoo upesi, la sivyo namaliza mwenyewe."
Nikachukua ndoo yenye mfuniko, koleo ndefu, tochi,
na ule utulivu niliouvuna miaka thelathini
nikiwa fundi bomba:
usimkaripie mwenye nyumba, wala bomba.

Mzee Stadtler alisimama mlangoni na jembe.
Si la kulimia. Nani Tucson hulima changarawe?
Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe;
yeye alijipa mwenyewe,
mwaka wa tatu tangu aikimbie theluji na mkewe,
mwaka wa kwanza bila mkewe,
wiki ya tano bila mbwa.
Habari ya mbwa hakunisimulia. Niliona bakuli
limefudikizwa kando ya bomba la bustani.

Chini ya kiti cha plastiki,
amejiviringa kama kata ya mtungi,
alikuwepo yule mwenye kayamba.
Akalitikisa. Watu hudhani ni vita.
Mimi husikia mtu anayebisha hodi
akiwa ndani.

Nikamulika mkiani. Pingili tatu za rangi:
bluu, bluu, nyeupe.
"Huyu namjua," nikasema, nikajuta papo hapo,
maana uso wa mzee ulikunjamana
kana kwamba namtambulisha kwa shemeji asiyempenda.
"Jike. Tulimpaka rangi kwanza miaka tisa iliyopita.
Machi hutoka mwambani, Juni hufuata panya,
na panya hufuata mbegu unazowamwagia ndege."

"Mpeleke mbali."
"Mbali ni wapi?"
"Ng'ambo ya barabara kuu. Ng'ambo ya mlima. Meksiko!"
Nikamwambia babu yangu alitokea Sonora,
na huko nako kuna mabaraza.
Hakucheka.

Basi nikamweleza, nimechuchumaa, ndoo kati ya magoti,
kayamba likinguruma ndani kama jiko la gesi:
ukimhamisha maili kumi hageuki mwenyeji wa huko.
Hutambaa mchana kweupe, huvuka lami,
anatafuta jiwe analolijua,
hawindi, hapumziki,
na Agosti tunamwokota mwepesi kama mkanda.

Mzee aliitazama ndoo kwa muda.
"Anatafuta kwao," akasema,
si kwangu hasa.

Nikamwachia ng'ambo ya korongo, hatua mia mbili,
chini ya dungusi refu lenye mkono uliovunjika.
Mzee alinifuata nyuma na tochi, akihesabu kwa sauti.
Akaniarifu kuwa ni mia moja themanini na nne.

Jumamosi nilirudi na saruji na wavu.
Tukaziba chini ya ukuta, chini ya ngazi, pembeni mwa lango,
mpaka kidole cha mwisho hakipiti.
Mbegu za ndege tukazihamishia mbali na nyumba.
Saruji aliitia maji mengi mno; nikanyamaza.
Tulipoondoa rundo la kuni
tulikuta viota vitatu vya panya
na mpira wa mbwa, umetafunwa upande mmoja.
Akautia mfukoni, mikono bado ina saruji,
akaniuliza kama wavu utatosha.

Sikumwahidi. Wavu ni wavu.
Jembe nililiacha nilipolikuta,
limeegemea fremu ya mlango, mpini juu.

Oktoba simu ililia tena, alfajiri.
"Bluu, bluu, nyeupe," akasema. "Nje ya ukuta.
Anapanda kuelekea mwambani."
Nikaanza kupapasa viatu chini ya kitanda.
"Usije. Sikukuita uje."
Nikamsikia akipumua, na nyuma yake
kijiko kikigonga kikombe.
"Alikuwa anapita tu.
Nilitaka kumwambia mtu."