Kidonda cha Halua

Maji ya moto humwagika, yakapita.
Halua haipiti.
Hushika, ikakaa, ikaendelea kupika.
Ndivyo ulivyoletwa Wete, Faki,
mkono wa kulia umepikwa hadi kiwikoni,
siku tatu kabla ya Sikukuu,
umepakwa dawa ya meno, juu yake ute wa yai,
juu ya ute majivu
ambayo hakuna aliyekiri kuyatia.

Sikuuliza nani. Nilifungua bomba.
Bomba likakohoa, likatoa hewa.
Tukachota ndooni, mimi na Bi Mize wa usafi,
kopo kwa kopo, dakika ishirini za saa ya ukutani,
nawe ukisema basi, basi,
kwa sauti ya mtu anayepunguziwa bei.
Pete ya fedha niliikata kabla kidole hakijavimba.
Uliililia pete kuliko ngozi.

Mama yako kasimama mlangoni,
buibui lina vumbi la wanga.
"Nimekosea, mwanangu?"
Ulimi ulikuwa na ndiyo.
Nikampa kopo, amwagie.

Watu hudhani kuuguza ni kufunga.
Kazi iko katika kufungua.
Kila siku ya pili, saa tatu asubuhi:
kidonge cha maumivu kwanza,
kisha nusu saa ya kungoja kiingie damuni
(wengine hungoja dakika tano;
mimi hukaa kitandani pako, nikahesabu misumari ya dari),
kisha maji ya chumvi juu ya bandeji,
tone, tone,
hadi uzi uiachie nyama kwa hiari yake.
Ukivuta, umeng'oa kilichoota usiku.

Vidole nilivifunga kimoja kimoja.
Vikilala pamoja huota pamoja,
na kisu cha kuvitenganisha
kiko ng'ambo ya bahari, kwa foleni.

Siku ya nne, harufu.
Niliijua kabla sijafika kitandani;
hiliki iliyokwama nywelani mwako nilishaizoea,
hii ilikuwa nyingine.
Shashi ilitoka na ukijani wa kisima kilichoachwa.
Ukanitazama usoni, si mkononi.
Sikukunja hata kope.
Uso wangu nao ni kifaa cha wodi,
huchemshwa pamoja na koleo.
Nilikwenda kuukunja stoo, nyuma ya maboksi ya glavu,
nikarudi.

Tajiri wako, Khatib Machano,
alileta kikapu cha halua, ukili umekazwa vizuri.
Hakuna muuguzi aliyekionja.
Kikakaa juu ya kabati, sisimizi wakajua njia.
Nikamwambia: hii hapana. Lete mayai. Lete samaki.
Lete mtu wa kuuinua huu mkono usiku,
mto unateleza, nami nina vitanda kumi na saba.
Akaleta trei ya mayai,
na mtu aliyemleta ni yeye mwenyewe.
Hakuomba radhi, hata mara moja.
Alikesha, kaushika mkono wako juu ya kifua chake
kama anayebeba sahani iliyojaa,
hadi adhana ya alfajiri.
Usiku wa tatu nilimkuta anakuhesabia pumzi.

Wiki ya saba ngozi ikaja,
nyembamba, inang'aa, rangi ya tumbo la kamba.
"Itarudi rangi yangu?"
Sijui, Faki. Ifiche jua. Ipake mafuta.
"Nitakoroga tena?"
Hilo nalo sikulijibu kwa mdomo.
Nilikwenda jiko la hospitali, nikaazima mwiko,
nikajaza mchanga kwenye ndoo ileile ya siku ya kwanza,
nikaimwagia maji uwe mzito.

Koroga.

Duru ya kwanza, machozi.
Ya pili, matusi, ukayaomba msamaha.
Ya tano mwiko ulikwama,
ngozi ikavutika kwenye kifundo, ikapauka,
haikupasuka.
Mkono wa kushoto ukaja kusaidia;
nikaupiga kofi dogo, ukarudi magotini.

Sikukusifu. Wodi nzima ilikuwa inatazama,
nami nina deni la machozi tangu siku ya nne.
Nilichukua faili lako, chini ya tarehe,
mahali pa kuandika maendeleo ya mgonjwa,
nikaandika neno moja:
anakoroga.