Mla Nzi wa Tukuyu

Mitungi imejaa mabawa,
na bado mmea unaliwa.

Kwapani mwa jani, unga mweupe
kama wa mashineni,
kumbe una miguu.
Vidung'ata.

Atuganile kachovya pamba kwenye spiriti,
anafuta kimoja, kimoja,
akikwepa mdomo wa mtungi:
tone likidondokea humo, tumbo litaungua.

Nje, mvua ya Rungwe haijui Jumapili.
Ndoo iko chini ya mchirizi;
maji ya bomba mla nzi hayataki.

"Nyigu unameza na mwiba wake,
hivi vya kwapani vinakunyonya,
we mlafi gani?"

Sisimizi wanapanda kikonyo
kuchunga ng'ombe wao.
Anawapuliza.
Wanarudi.

Anachovya pamba nyingine,
harufu ya sindano za utotoni
inampiga chafya.