Mafiga

Alianguka Jumanne usiku, mvua ikinyesha,
kutoka kwenye waya wa umeme hapa Jinja.
Mlinzi, Mzee Isabirye, akamleta ndani ya kofia yake:
"Huyu bado ana utamu mdomoni."
Kweli. Na mbegu moja ya mtuba
imenasa kwenye jino
kama neno lililokatizwa.

Daktari Nabwire akawasha taa.
"Tuanze na ulimi."
Mrefu kuliko nilivyodhani,
rangi ya udongo wa mfinyanzi uliolowa.

Chini ya lenzi ukawa malisho:
vinundu kwa maelfu, ncha zimelala kuelekea kooni,
kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe wakirudi zizini.
Katikati vile vikubwa, vya ncha tatu tatu,
nyuma za kuchokorea nyama ya tunda.
Na nyuma kabisa, karibu na koromeo,
vitatu tu, vya mviringo,
kila kimoja na handaki lake,
vimekaa pembetatu.
"Mafiga," nikasema kabla sijafikiri.
Nabwire akacheka. Akaandika: mafiga.

Popo huyu hali kama sisi.
Hulibana tunda kwenye matuta ya kaakaa,
ulimi ukakandamiza, ukakamua,
akanywa maji yake, makapi akayatema.
Kila asubuhi mke wa Isabirye huyafagia uani
akilaani ukoo mzima wa popo,
wala hajui anafagia mivule.

"Kiingereza cha vitu hivi kimo kitabuni," alisema Nabwire.
"Wewe niandikie vya kwetu."
Vya kwetu vipi?
Yeye Msoga; mimi mtoto wa kambi ya Magamaga,
baba Mlugbara, mama Mganda,
na Kiswahili kilituingilia nyumbani kimevaa buti.
Mama alikikataza mezani.
Lugha ya kuulizwa umeficha nini, alisema.
Neno lake la kwanza la Kiswahili
alilisikia usiku, mlango ukigongwa kwa kitako cha bunduki:
Fungua.

"Fungua zaidi," akasema Nabwire,
na mimi nimeshika koleo, taya mbili ndogo,
mkono ukagoma.
Hakuniuliza. Alisubiri.
Nje, juu ya mikaratusi, wenzake marehemu
walikuwa wakigombania nafasi kwa makelele.

Nikafungua.

Sasa ulimi umo kwenye chupa ya spiriti, rafu ya pili,
na kibandiko kwa mwandiko wangu:
ncha, mwili, shina, mafiga matatu.
Inasemekana huko nyuma ndiko uchungu huonjwa,
mwisho kabisa, mtu akishakaribia kumeza.

Mbegu ya jinoni sikuitupa.
Niliipanda kwenye kopo la maziwa ya unga, dirishani.
Jumapili mama alikuja, akaliona.
"Kiki kino?"
Ulimi ukaniponyoka:
"Mtuba, mama. Umetoka kinywani mwa popo."
Alinitazama kwa muda.
Kisha akalisogeza kopo, taratibu,
pale jua lilipokuwa limefika.