Rojo la Komamanga

Nililikuta kizingitini baada ya alfajiri:
kadibodi ya maji ya chupa, na ndani yake
makomamanga ya mlimani, yote yamepasuka,
yale ambayo soko la Nizwa halina haja nayo.
Hapakuwa na hodi wala salamu.
Matairi ya gari la Muhannad
yalikuwa yameandika jina lake vumbini.

Mwaka na miezi miwili hatusemezani,
mimi na mama yake, Ghaliya.
Maji ya falaji. Nusu saa tu ya maji,
kila mmoja anaapa zamu ni yake,
na mitende, masikini, haikuulizwa.

Harib akasema, "Wape mbuzi."
Nikamwambia, sisi tuliozaliwa Tabora
chombo cha jirani hakirudi kitupu.
"Hata kadibodi?"
Hata kadibodi.

Basi nikaketi chini, sinia mapajani.
Komamanga unalipindua kiganjani,
unalipiga mgongo kwa mwiko, pa, pa, pa,
nazo punje zinashuka kama mvua ya hapa Birkat al-Mauz:
hakuna, hakuna, kisha zote kwa mpigo.
Moja ikanirukia gauni la Ijumaa.
Ile ngozi nyeupe ya ndani nimeing'oa kwa kucha;
ukiisamehe kidogo tu,
ulimi utakudai baadaye.

Nikaponda. Nikakamua kwa kipande cha melimeli
hadi mikono ikawa ya mchinjaji.
Vikombe vitatu vya maji mekundu,
nusu kikombe cha sukari, iliki mbili za kupasua,
ndimu, tone, si zaidi.

Sufuria ya kwanza niliiunguza.
Nilikuwa nasuka maneno: nitamwambia hivi,
naye akinijibu vile, nitamwambia vile,
na nilipokaribia tusi zuri kuliko yote
nikakuta moshi umefika kabla yangu.

Sufuria ya pili sikuwaza kitu.
Kornflawa kijiko kimoja, ikoroge kwa maji baridi kwanza;
ukiitupa kavu kwenye moto, itakuzalia madonge.
Kisha imimine taratibu, mwiko usisimame,
moto uwe wa kunong'ona.
Simu ikilia, iache ilie.
Kipimo ni kisahani kilicholala kwenye friji:
dondosha tone, pitisha kidole katikati.
Njia ikijifunga, bado.
Njia ikikaa wazi, epua.

Nikapitisha kidole. Ikakaa wazi
kama mfereji usiku usio zamu yako.

Harib, ambaye daktari wake amemkataza
hata kutazama tende, akaomba kijiko,
"nikuoshee tu."
Akakilamba mbele na nyuma, akafumba macho.
"Mpelekee nusu," akasema.
Nusu ya nini?
Hakujibu. Alikuwa bado anaosha.

Nikatia rojo katika chupa ya zamani ya mayonezi,
na bakuli la kastadi iliyoganda vizuri,
ile inayotikisika lakini haianguki,
nikavipanga ndani ya kadibodi ileile.
Muhannad akavichukua bila kunitazama usoni.
Tulichobakiza tulikila baada ya isha,
mimi mabakuli mawili, nakiri,
wekundu ukiteremka juu ya njano
na kutafuta pembe za bakuli wenyewe.

Leo asubuhi chupa imerudi kizingitini.
Imeoshwa, imekaushwa, inanuka sabuni.
Ndani mna ndimu kavu moja, nyeusi, nyepesi kama tupu.
Kifuniko si changu.
Changu kilikuwa cha buluu; hiki ni cheupe,
kimekazwa nusu kwa sababu hakikai.

Nimekigeuza, nimekigeuza.
Ghaliya si mtu wa kusahau,
huyo anakumbuka dakika za maji za babu yake.
Ina maana kifuniko changu kiko kwake, juu ya meza,
kinangoja mwenyewe akifuate.

Au ni Muhannad tu, na haraka zake.

Nimevaa viatu. Nimevivua.
Ngoja kwanza nioshe sufuria iliyoungua.