Sijambo

Ghalani Wete nimetia vihisi thelathini na viwili,
kila kimoja ukubwa wa kokwa ya embe,
katikati ya magunia, vuli ile
karafuu zilipoanuliwa mara tano kwa siku.
Havina waya. Kila dakika kumi
kimoja hunong'ona kwa kingine,
kingine hupokeza kile cha mlangoni,
na cha mlangoni hunirushia mimi, Limbani,
mezani, penye feni inayokohoa.

Basi kutwa kazi yangu kuamkia joto.
Hujambo, Nne? Ishirini na nane. Sijambo.
Hujambo, Tano? Thelathini na tisa.
Hapo pana jambo.

Kanuni, na si mimi niliyeitunga:
mmoja usimwamini, waulize majirani.
Nne na Sita wakiwa baridi, Tano ana homa,
au mwongo, au jua limemchungulia
kwenye tundu la bati.
Mama alikuwa na kanuni iyo hiyo
kwa mtoto aliyerudi na hela asizopewa.

Usiku wa Jumatano Ishirini na Tatu akapanda:
thelathini na tano, na saba, na nane nukta sita,
akaganda hapo. Majirani zake wamelala.
Nikampigia Shaame Faki, mshika funguo, saa nane za usiku.
Nikasikia kufuli, nikasikia mlango,
nikasikia akimtaja Mola kwa hasira,
kisha kicheko.
"Zuwena, kihisi chako kimelaliwa!
Kuna kuku anaatamia hapa. Mayai saba,
na la nane lako."
Nikaandika: joto la kweli. Chanzo?
Fomu haina safu ya kuku.
Nikatia alama kwenye "mengineyo".

Lakini aliyeninyima usingizi si huyo.
Ni Kumi na Moja.
Ishirini na saba nukta nne.
Adhuhuri, bati linalia: ishirini na saba nukta nne.
Mvua inapiga, ukuta unatoa jasho:
ishirini na saba nukta nne.
Siku tisa hapandi hashuki, hasumbui mtu,
mwanafunzi wa kupewa zawadi na kila mwalimu.
Programu yangu ilimpita ikimpa kijani,
kijani, kijani,
maana mimi niliifunza kusikia wanaopiga kelele.

Nikaenda mwenyewe. Tukavuta magunia, mimi na Shaame,
la juu, la kati, mpaka la chini kabisa.
Nikatia mkono nikautoa mbio.
Moto. Na harufu si ya karafuu tena,
ni ya kitu kilichofungiwa na maji yake.
Tulipomwaga, nyeupe za ukungu, nyingine nyeusi kama makonyo ya mwaka juzi.
Betri ya Kumi na Moja ilikwishavuja siku ya kwanza.
Kile cha mlangoni, kwa adabu tu,
kikawa kinalirudia neno la mwisho la marehemu.

Gunia sita. Za Bi Kazija wa Mtambwe.
Alizileta magharibi, mvua mgongoni,
akasema zimekauka, na nani angemvunja?
Ada ya mwanawe ilikuwa imekwishahesabiwa humo.

Nimeandika mstari mpya kwenye programu:
anayesema sijambo kwa sauti moja mno,
mwendee.
Mstari mfupi. Umenichukua usiku mbili.

Ishirini na Tatu ameshaanza kushuka;
Shaame anasema wametotolewa sita,
la saba viza, la nane linawaka taa.

Bi Kazija nilimpigia Ijumaa kumpa pole.
"Hujambo, mama?"
"Sijambo, mwanangu."
Nikampigia Jumapili.
"Sijambo, mwanangu."
Leo tena. Hapandi, hashuki.
"Sijambo, mwanangu."

Nimezima feni. Natafuta viatu.