Punda wa Shirika

Tulimnunua mnadani Handali, nusu kwa nusu:
fedha za zabibu za mume wangu Chedego,
fedha za ufuta za kaka yangu Ndahani.
Kamba niliishika mimi,
mke wa huyu, dada wa yule,
nikicheka njia nzima,
maana utosi wangu ulikuwa umepata likizo.

Jumatatu kwetu, Jumanne kwao,
Jumapili anapumzika kama Mkristo.

Kisha yakaja magari ya vipaza sauti.
Chama cha Mwavuli, katika nchi hii
ambayo mvua husalimia mlangoni ikaondoka.
Chama cha Taa, katika kijiji
ambacho nguzo za umeme zimelala chini tangu mwaka juzi,
mbuzi wanajikunia.
Chedego akavaa fulana ya Mwavuli.
Ndahani akabandika Taa mlangoni kwenye tembe.
Mwanzo ulikuwa utani. Sisi ni watu wa utani.
"Shemeji, funga mwavuli, jua linakucheka."
"Shemeji, kopa taa basi uone ulichopigia kura."
Sijui utani ulichacha jioni gani.
Najua asubuhi moja "shemeji" hakuwepo tena,
walibaki "wale".

Wale wamenunuliwa.
Wale wakishinda tutakula vumbi,
kana kwamba sasa tunakula nini.

Mnyambwa alipofiwa na mtoto
watu wa Taa walichimba kaburi peke yao.
Watu wa Mwavuli walipita na baiskeli zao
wakitazama mbele, mbele kabisa,
kama askari wa gwaride.
Hapo ndipo nilipoogopa.
Kura huhesabiwa usiku mmoja zikaisha.
Koleo ulilomnyima jirani
nani atalihesabu?

Na punda wakamgawa.
Hawakumchinja, punda haliwi.
Walimgawa mzima mzima, anapumua:
ubavu wa kulia madumu ya Chedego,
wa kushoto madumu ya Ndahani,
kila mtu na siku yake, na upande wake,
wa mwenzio usiguse hata kwa kusahau.
Usiku mtu akamchora kwa rangi,
huku mwavuli, huku taa.

Aliyewahi kuswaga punda anajua:
ukijaza upande mmoja
shogi linazunguka mpaka tumboni.
Basi nikawa natafuta mawe.
Kulia maji, kushoto mawe.
Kesho yake, kwa zamu ya kaka, kulia mawe.
Kijiji kizima midomo imepasuka kwa kiu
na mimi napandisha korongo
na mawe yaliyooshwa vizuri.

Redio ya dukani ilisema Marekani nako
kuna wa kushoto na wa kulia,
ndugu hawali tena meza moja.
Mama mkwe aliuliza, "Maji wanatekaje?"
Nikamwambia yanatoka ukutani.
Akachambua mlenda wake kitambo.
"Basi hao watachelewa kujua."

Mwezi wa kumi na moja, mawingu yakitudanganya,
punda alipiga magoti katikati ya korongo
akalala ubavu, ule wenye taa.
Nilipiga yowe. Yowe halina chama.
Chedego alitokea juu kwenye minyaa,
Ndahani kule chini kisimani,
wakasimama, kila mtu upande wake,
wakimtazama punda ili wasitazamane.
Nikafungua shogi. Mawe yakamwagika mchangani
mbele ya miguu yao.
Sikusema kitu. Mawe yalitosha.

Mmoja akaingiza mkono chini ya shingo,
mwingine chini ya paja.
"Moja," alisema Chedego, kwa mchanga.
Kimya.
Nzi alizunguka jicho la punda mara mbili.
"Mbili," akasema kaka yangu.

Tatu hakuna aliyesema.
Punda aliinuka kabla,
akajikung'uta, akatupiga vumbi sote,
akashika njia peke yake
shogi likiwa tupu.

Rangi haijatoka bado.
Leo ni Jumanne. Nimejaza madumu manne,
na sijamuuliza mtu.