Mafuta Yaliyokosa Njia

Asubuhi Wete, sijala tangu isha.
Sindano imezama mkono wa kushoto,
chini kidogo ya gamba la kiwiko
ambalo Mize hulipaka mafuta ya nazi
mwaka wa kumi na moja huu,
akisema: ngozi yako ina kiu, Shaame.

Ina kiu kweli. Harusini Konde
koti langu jeusi lilimwaga unga
mpaka mtu akanisogezea kiti, mbali kidogo.

Leo daktari kijana kagonga karatasi kwa kalamu:
"Mafuta unayo, mzee wangu. Yamejaa damuni."
Nikacheka. Hakucheka.
Moto unaobabua ngozi, kasema,
huenda nao mishipani, kimya kimya.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema.
Nami miaka yote nakung'uta nguo!

Kurudi nimepita kwa Bi Time,
sambusa zinaelea, zinaniita kwa jina.
Nimenunua moja, nikaishika mpaka ikapoa,
nikampa mtoto wa Faki.

Usiku Mize ataleta chupa yake.
Nitamweleza ya lehemu.
Lakini kwanza apake, amalize,
kiganja chake kipate joto.